Rejeta inapovuja Pemba: kiraka cha njiani na tengenezo la kweli

Mwenye gari wa Pemba ambaye rejeta yake imeanza kuvuja hana wasaa alionao mwenzake wa Dar es Salaam, ambaye anaweza kuzunguka maduka ya spea asubuhi na jioni akawa barabarani. Chake Chake na Wete spea za magari yaliyozoeleka hupatikana, lakini kifaa cha gari isiyo ya kawaida huagizwa Unguja au bara, kikapakiwa kwenye meli, na mwenyewe akenda kukipokea bandarini. Baina ya siku ya kuvuja na siku ya kukipokea kifaa hicho, watoto wanataka kwenda skuli, mgonjwa anataka kufikishwa hospitali, na karafuu zinataka kupelekwa kituoni zikauzwe. Kwa sababu hiyo siwalaumu mafundi wetu kwa matengenezo ya muda, wala sikubaliani na wanaosema kwamba gari inayovuja isiguswe mpaka spea mpya ipatikane.

Ninalotaka kulisema ni jengine, nalo ni kwamba viraka vya muda havilingani. Kipo kiraka kinachokaa nje ya njia ya maji, ambacho siku spea ikifika unakifungua, unakitupa, na gari unaikuta kama ilivyokuwa kabla ya kuvuja. Na kipo kiraka kinachoingia ndani ya njia ya maji, au kinachoondoa kifaa kilichowekwa humo kwa sababu maalumu, na hicho hukuachia kazi kubwa kuliko tundu ulilokuwa ukiliziba. Fundi anapokupendekezea dawa ya muda, swali la kumuuliza si kama itazuia maji tu, kwa sababu nyingi huzuia. Muulize itaacha nini ndani ya injini siku tutakapoiondoa.

Ili swali hilo lieleweke, ni lazima kujua maji ya rejeta yanafanya kazi katika hali gani. Takriban theluthi moja ya nguvu ya mafuta yanayoungua ndani ya injini hugeuka joto linalochukuliwa na maji hayo, nayo huzunguka yakiwa yamefungwa kwa shinikizo. Juu ya mfuniko wa rejeta mara nyingi utaona namba 0.9 au 1.1, ambayo ni kiasi cha shinikizo kinachoruhusiwa kujengeka ndani, kinachokaribia kipimo cha bar, kabla ya mfuniko kufungua njia ya kwenda kwenye tenki la akiba. Hapa kwetu, usawa wa bahari, maji matupu huchemka kwa nyuzi 100 za Selsiasi. Chini ya mfuniko mzima wa 1.1 hufika karibu nyuzi 120 bila ya kuchemka, na yakichanganywa nusu kwa nusu na glaikoli, ambayo ndiyo asili ya kulanti nyingi, yaani maji ya dawa yanayouzwa kwa ajili ya rejeta, hupanda zaidi ya hapo. Ndiyo maana tundu la kiasi cha ncha ya sindano lina madhara yasiyofanana na udogo wake. Halipotezi maji tu, linapoteza shinikizo, na maji yaliyokuwa yametulia kwa nyuzi 105 huanza kutoa mvuke ndani ya hedi, ile sehemu ya juu ya injini. Mvuke hauchukui joto kama maji, na hedi ya alumini, ambayo hutanuka karibu mara mbili ya bloku ya chuma iliyo chini yake, huanza kujipinda. Mpindo wa kukataliwa hauonekani kwa jicho: katika injini nyingi ndogo kiwango cha juu kinachokubaliwa ni 0.05 au 0.10 ya milimita.

Kabla ya kuziba ni lazima kujua panapovuja, na hatua hii ndiyo inayorukwa zaidi. Nimeona gari ikibadilishwa rejeta nzima ilhali maji yalikuwa yakitoka kwenye pampu, yakafuata mkondo wa chuma mpaka mbele, yakadondokea chini ya rejeta. Tandika boksi la karatasi chini ya injini usiku, na asubuhi, injini ikiwa baridi, tazama tone limeangukia wapi, kisha panda nalo juu mpaka ufikie chanzo. Kulanti inapokauka huacha ukoko wa rangi ya waridi, kijani au weupe, na ukoko huo ni ushahidi mzuri kuliko majimaji yenyewe, kwa sababu hukaa pale pale tundu lilipo. Pampu ya maji ina kitundu kidogo upande wa chini kilichowekwa kwa makusudi. Kikitoa maji, sili ya ndani imekwisha, na kukiziba kitundu hicho kwa gundi ni kuyaelekeza maji kwenye beringi. Zulia la mbele likirowana na ndani ya gari mkanuka harufu tamu, angalia hita iliyo nyuma ya dashibodi. Gereji yenye pampu ya kupimia shinikizo huijaza mifereji hewa mpaka kufikia namba iliyo kwenye mfuniko, injini ikiwa baridi, na tundu hujitaja lenyewe. Asiye na kifaa hicho huiwasha injini ipate moto na kutafuta kwa tochi, akiiweka mikono mbali na feni, kwa kuwa feni ya umeme inaweza kuanza kuzunguka hata baada ya injini kuzimwa.

Mpira wa rejeta ndio unaokubali kiraka cha muda kwa heshima kuliko sehemu nyengine yoyote. Mpira wa juu wa gari yangu ulipasuka nilipokuwa nikitoka Konde, nao ulichanika kwa urefu karibu na katikati, si kwenye ncha. Kijana fundi wa jirani hapo alingoja kwanza injini ipoe hadi mfuniko ukashikika kwa mkono mtupu, akafuta mpira kwa kitambaa kikavu mpaka ukaacha kuteleza, kisha akakata ukanda wa tyubu ya baiskeli wenye upana wa vidole viwili. Alianza kuuzungusha mbali na mpasuko, akiuvuta kwa nguvu mpaka ukawa mwembamba, kila mzunguko ukifunika nusu ya uliotangulia, akapita juu ya mpasuko na kuendelea mbele kwa masafa kama yale aliyoanzia. Halafu akarudi na safu ya pili kwa mwelekeo wa kinyume, akafunga ncha zote mbili kwa waya, akiuzungusha kwa plaisi pole pole ili usiukate mpira.

Alipomaliza aliniambia, "Mwalimu, hii nimekufungia ufike Chake. Sikukufungia ukae nayo."

Nikamuuliza, "Nikifika Chake nisipopata mpira?"

"Basi nipigie, nikuagizie Unguja, na gari ilale. Na mfuniko usiukaze mpaka mwisho, ishia hatua ya kwanza."

Maneno yake hayo ya mfuniko yanahitaji kufafanuliwa, maana watu huyachukua nusu. Mfuniko ukiishia hatua ya kwanza, shinikizo halijengeki, na kiraka hakisukumwi kwa nguvu. Hilo ni jema. Lakini maji nayo hurudi kuchemka karibu na nyuzi 100, kwa hiyo mtu anayeendesha hivyo hana tena ile akiba ya nyuzi ishirini aliyopewa na mfuniko. Ni lazima aende taratibu, azime kiyoyozi, afungue hita mpaka mwisho hata kama jua ni la Januari, kwa sababu hita ni rejeta ya pili ndogo, na asimame njiani kutazama. Mpandano wa milima yetu kwa gari iliyopakia watu ni mzigo mkubwa kwa injini kuliko mwendo wa kasi kwenye tambarare, na hapo ndipo kiraka hujaribiwa.

Mpira unaovuja kwenye ncha, pale unapobanwa na klipu, una bahati nzuri zaidi. Ikiwa urefu unaruhusu, sehemu iliyochakaa hukatwa, mdomo wa chuma au plastiki husuguliwa ukoko wake kwa msasa laini, na mpira ukarudishwa kwa klipu mpya. Kazi hiyo mimi siihesabu kuwa ya muda, ilimradi mpira uliobaki bado ni mzima ukiuminya: usiwe mgumu kama ubao, wala usiwe laini na wenye kubonyea kama uliolowa oili.

Kwenye rejeta yenyewe mambo hubadilika. Rejeta za zamani za shaba zilikuwa rafiki wa fundi wa kulehemu, naye aliweza kuifunga mirija michache iliyotoboka, akaichomelea kwa risasi, na rejeta ikaishi miaka. Rejeta nyingi za magari tunayoletewa kutoka Japani zina mirija ya alumini na vichwa vya plastiki vilivyobanwa kwa meno ya bati juu ya mpira mwembamba. Kichwa cha plastiki hupasuka kwa uzee, hasa karibu na mdomo wa mpira wa juu ambako joto ni kali zaidi, na gundi ya kuchanganya hushika juu yake kwa muda, ikiwa tu plastiki imekwaruzwa, imekauka kabisa, na gundi imeachwa usiku mzima igande. Hata hivyo, plastiki hutanuka na kusinyaa kila injini inapopata moto na kupoa, na gundi haifuati mwendo huo. Siku moja itaachia, na mara nyingi itaachia ukiwa kwenye mlima. Kiraka hiki ni cha nje, hakiharibu kitu, na nakikubali kwa safari ya kurudi nyumbani na kungojea meli. Tengenezo la kweli ni kubadilisha kichwa pamoja na mpira wake iwapo fundi ana ujuzi na vifaa vya kuyakunja upya meno, au kubadilisha rejeta.

Sasa nije kwenye vinavyotiwa ndani. Watu hutia bizari ya manjano, hutia pilipili manga iliyosagwa, hutia ute wa yai, na madukani zipo dawa za chupa za kuziba rejeta. Zote hufanya kazi kwa njia inayokaribiana: chembe huzunguka na maji, zikakusanyika pale maji yanapotokea, zikaziba. Nazo huziba kweli, na hilo ndilo linalowapoteza watu, kwa kuwa chembe hizo hazina akili ya kujua tundu lipi ni la kuvuja na lipi ni mrija wa kazi. Mirija ya rejeta ya alumini ni bapa, na nafasi yake ya ndani huwa ya milimita 1 mpaka 2 tu. Ya hita ni myembamba vilevile. Nilisimama karibu na rejeta iliyofunguliwa kichwa baada ya kutiwa bizari mara kwa mara: safu za chini za mirija zilikuwa zimejaa uji wa kahawia uliokauka kama udongo wa kinamo, na fundi alipoupitisha utepe mwembamba wa chuma, ulitoka vipande vipande. Rejeta ile ilikuwa haivuji tena, lakini sehemu kubwa yake ilikuwa haipozi, na mwenyewe alishangaa kwa nini gari inachemsha ilhali maji yamejaa.

Sisemi dawa ya chupa haina mahali pake. Mtu aliyekwama mbali, tundu likiwa kwenye mirija ya katikati ambako mkono haufiki, na mgonjwa yumo ndani ya gari, atie, kwa kipimo kilichoandikwa na si zaidi. Lakini ajue tangu hapo kwamba deni lake limeongezeka: siku ya kubadilisha rejeta itamlazimu kusafisha mifereji yote, bloku na hita pamoja, kabla ya kufunga rejeta mpya, vinginevyo mabaki yatahamia humo. Na zile dawa za kioo majimaji zinazouzwa kwa ajili ya gasketi ya hedi, kile kizibo bapa kilicho baina ya hedi na bloku, hugandia popote zinapokutana na joto kali, zikawa ngumu kama kioo, na kuziondoa ni kazi ya kuifungua injini.

Kuitoa themostati, kifaa kinachoyazuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate moto, ndiyo dawa inayopendwa kuliko zote, na ndiyo ninayoipinga kwa nguvu zaidi. Hoja yake ni kwamba nchi yetu ni ya joto, basi maji yaachwe yapite muda wote. Injini ya kisasa haikuundwa hivyo. Ikifanya kazi baridi, kompyuta yake huendelea kumimina petroli kama ya asubuhi, oili hukusanya unyevu na petroli isiyoungua, na vyuma husagika upesi. Kuna jambo baya zaidi: katika injini nyingi za Toyota themostati ina sahani mbili, moja ikifungua njia ya rejeta na nyengine ikifunga kijia cha mkato kinachoyarudisha maji ndani ya injini. Ukiitoa, kijia hicho hubaki wazi daima, na sehemu ya maji ya moto hurejea bila ya kupita kwenye rejeta. Gari ile ile itatembea vizuri asubuhi, ikachemsha mchana ikiwa imepakia. Anayeishuku themostati yake aitie kwenye sufuria ya maji pamoja na kipimajoto, aitungike kwa uzi isiguse chini, na aitazame: ikiandikwa 82, sahani yake ianze kusogea karibu na nyuzi hizo na iwe imefunguka wazi kabla ya maji kuchemka vizuri. Isiposogea, inunuliwe nyengine; ni miongoni mwa spea za bei nafuu za injini.

Maji ya kuongezea nayo ni kiraka cha muda, ingawa hatuyaiti hivyo. Sehemu za Micheweni na kando ya pwani visima viko kwenye mawe ya matumbawe, na maji yake yana chokaa na mahali pengine chumvi. Chokaa hujenga ukoko ndani ya mirija, na chumvi huongeza umeme mdogo unaopita baina ya alumini, chuma na shaba, ukaila alumini. Maji ya bahari yasitiwe kwa hali yoyote. Kwa dharura ya njiani maji ya kunywa ya chupa yanatosha, na maji ya mvua yaliyokingwa baada ya mvua ya kwanza kuliosha bati ni mazuri zaidi. Wapo wanaosema kulanti ni ya nchi za barafu na maji matupu hupoza vizuri zaidi. Nusu ya kauli hiyo ni kweli, maji hubeba joto zaidi kuliko mchanganyiko wa glaikoli; lakini kulanti ina dawa za kuzuia kutu, na injini iliyokunywa maji ya kisima kwa miaka hutoboka vizibo vya bati vilivyo ubavuni mwa bloku, vikiliwa kutoka ndani, na baadhi yake haviwezi kufikiwa mpaka gia boksi ishushwe.

Gasketi ya hedi haina kiraka. Ukiona mapovu yanapanda bila ya kukoma kwenye mdomo wa rejeta ukiwa umewasha injini baridi, au oili imegeuka rangi ya chai ya maziwa, au moshi mweupe wenye harufu tamu hauishi hata injini ikipata moto, gari hiyo ivutwe. Kila kilomita inayotembea inaongeza mpindo wa hedi, na maji yakiingia kwenye oili beringi za injini huharibika upesi. Hapo tengenezo la kweli ni kuifungua hedi, kuipima kwa rula ya chuma, kuisawazisha mashine ikiwa imepinda, na kuifunga kwa gasketi mpya na kwa mpango wa kukaza boliti uliowekwa na watengenezaji.

Anayeendesha na kiraka asiitegemee geji ya joto peke yake. Kihisi chake hupima maji yanayokigusa; maji yakishuka na kihisi kikabaki hewani, mshale unaweza kutulia katikati, hata kushuka, ilhali hedi inaungua. Hita iliyokuwa ikitoa hewa ya moto ikianza ghafla kutoa hewa baridi, hiyo ni habari kwamba maji yamepungua, na gari isimamishwe hapo hapo. Mfuniko usifunguliwe kwa angalau nusu saa, na maji baridi yasimwagwe kwenye injini iliyochemka, maana hedi au bloku inaweza kupasuka.

Spea ikifika, kazi haiishii kwenye kufunga kifaa kipya. Kulanti ya zamani ikingwe kwenye beseni na isiachwe chini, kwa kuwa glaikoli ni tamu, na paka au mbuzi akiilamba figo zake huharibika. Kwa mtoto ni hatari vilevile. Kulanti mpya isichaguliwe kwa rangi, kwani rangi haina kanuni moja baina ya watengenezaji. Soma kitabu cha gari au maandishi ya chupa. Mfuniko wa rejeta ubadilishwe pamoja na kazi hii, kwa namba ile ile ya zamani. Kisha hewa itolewe: gari isimamishwe pua ikielekea juu ya mlima, hita ifunguliwe, injini iwashwe na mfuniko ukiwa wazi tangu ingali baridi, na maji yaongezwe kila yanapozama mpaka mpira wa chini upate moto, ishara ya kwamba themostati imefunguka, na mapovu yakome. Baada ya hapo angalia kiwango cha tenki la akiba kila asubuhi kabla ya kuwasha gari. Kushuka kidogo mwanzoni ni hewa iliyobaki ikitoka. Kikiendelea kushuka, pako mahali pengine panapovuja, na boksi la karatasi litandikwe tena chini ya injini.